Kamera ya Joto na Swichi Iliyozimwa

Jumanne, 14 Mei

Leo naandika yote, hata yale ambayo matroni hataki yasemwe.

Swichi iliyo juu ya kitanda cha mwenzangu Kabula inanuka plastiki iliyoungua. Kwa hiyo nilifurahi fundi alipokuja bwenini na kamera ya joto, ile ya kushika mkononi inayoonyesha waya uliopata moto.

Lakini kabla fundi hajafika, matroni alikuwa ameshatuamuru: "Mgeni anakuja! Zimeni taa, chomoeni pasi, pawe nadhifu."

Fundi akasema, "Mama, washeni kwanza. Kitu kilichopoa hakionyeshi ugonjwa."

"Mchana huu, baba? Umeme wa kuchezea tunao?"

Fundi akacheka, akapima ukuta uliopoa, akaandika "salama". Salama!

Nikasema, "Shikamoo fundi, ile swichi hupata moto tukipiga pasi."

"Nyamaza, injinia wa Kasoli," matroni akanikata, akinitania kwa jina la kijiji chetu. Wenzangu wakacheka. Hata Kabula!

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Kabula ameshalala palepale, kichwa ukutani.

Kesho fundi anarudi kuchukua ngazi yake aliyoiacha hapa. Nitampa barua yenye swali moja, nimsubiri anijibu: angekuwa mwanao anayelala pale, ungeandika salama?