Kilio cha Mama Mukandori

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 4, mwezi wa kumi

Leo tena ku studio, wimbo wa marehemu. Muziki ni ule ule – kinanda ya klavie, filimbi ya uongo, ngoma inatembea kama muntu mwenye kuumwa mugongo. Tunabadilisha jina tu. Jean-de-Dieu anaingia, anaimba "tumebaki na machozi", anatoka kuvuta sigara. Nilimwambia Papa Delphin, patro wetu mwenye studio, kama hata makaburi hayafanane hivi. Akacheka. Alisema watu wa Kirolirwe hawatafute muziki, wanataka kusikia jina la muntu wao ku bafle, ku spika kubwa.

Shangazi Nyirabahire, mwenye kunilaza kwake, anajua kama hapa tunarekodi kwaya. Miye njo nilimudanganya. Nilitoka Bihambwe nikiwa mwimbaji wa parokia. Ningemwambia nini?

Siku ya tatu, tarehe 6

Alikuja Mama Mukandori, ule anauzaka maziwa karibu na barabara. Mutoto wake Habineza alipigwa na radi, akafa, ku malisho, wiki iliyopita, yeye na ng'ombe wake. Mama alitaka kusema juu yake kidogo mbele ya wimbo kuanza. Nikamuvalisha kaske ya masikio. Alisema vizuri: jina lake, vile alipenda kukamua akipiga miluzi. Kisha maneno yakakataa. Akavua kaske, akaiweka chini polepole. Alifikiri kurekodi kumeisha.

Njo hapo alilia.

Sijasikia kilio kama kile. Kilianza chini sana, karibu wimbo, kikapanda, kikavunjika, kikapanda tena. Jean-de-Dieu alitoka inje. Miye nilibaki. Mukono wangu ulikuwa pale pa kusimamisha machine – sikusimamisha. Niliangalia sauti isizidi kipimo.

Alipomaliza alijipanguza, akaniomba radhi. Yeye njo aliniomba radhi.

Siku ya tano, tarehe 8

Wimbo wa Habineza umeisha. Kilio hatukukiweka, mama hakujua kama tuko nacho. Alisikiliza, akashukuru, akaenda na bido yake ya maziwa.

Papa Delphin alikisikia jana. Akasema: "Christa, ile njo muziki." Akanituma nikisafishe. Kulikuwa jogoo nyuma, nikamutoa. Nikatoa na pahali mama anaita jina la mutoto. Kazi yote hiyo niliifanya kwa uangalifu, hata kwa furaha. Ni kitu kizuri pekee nimewahi kurekodi hapa. Kuandika hivyo kunanipatisha haya kuliko yote.

Siku ya kwanza, tarehe 11

Kilio kimewekwa ndani ya wimbo wa marehemu Papa Polycarpe, mufanya biashara wa Bihambwe. Watoto wake walikuja kusikiliza. Mukubwa alishika kichwa. Akauliza ni nani analia vile. Papa Delphin akajibu ni mwimbaji wetu mumoja.

Waliniangalia. Walifikiri ni miye. Nikainamisha macho kama muntu mwenye kusifiwa.

Siku ya Mungu, tarehe 17

Kanisani sikuimba. Nilifungua mudomo tu.

Kurudi, shangazi alikuwa na wimbo wa Polycarpe mu telefone. Wameutuma kila pahali. Alilia juu ya sahani ya maharagi, ila yeye hakumujua yule mzee hata sura. Akaniambia: "Binti yangu, huyu mwanamuke ana roho. Munafanya kazi ya Mungu pale."

Nilikula nikamaliza. Sijui vipi.

Siku ya ine, tarehe 21

Sasa ni marehemu Bisengimana. Nilimwomba Papa Delphin tusiweke tena kilio. Hakukasirika. Alisema: "Nani alimurekodi? Weye. Ao unataka nitafute mama mwingine, tumulize machozi?"

Nikarudi ku ordinateri, kompyuta yetu. Nilikiweka kisha ya kiitikio ya pili, ngoma ikinyamaza. Pale kinafaa kabisa.

Siku ya kwanza, tarehe 25

Niandike upesi. Mama Mukandori iko hapa, ndani.

Papa Delphin ameenda Mushaki tangu asubui. Nilikuwa peke yangu na wimbo wa marehemu mumoja wa Walikale, famiya inautaka leo. Mulango ukafunguka. Mama akanisalimia, akauliza habari ya shangazi. Kisha akasema juzi, siku ya posho, alienda ku kilio kwa Bisengimana, kuwapelekea maziwa. Bafle ilikuwa inapiga wimbo wake. Watu walianza kulia. Yeye alibaki amesimama na bido mukononi.

"Muntu anajua sauti yake," alisema. "Mama mumoja akaniuliza kama marehemu ni ndugu yangu. Nikamumiminia maziwa."

Nilitaka kupiga magoti. Nilibaki nimekaa. Nikamwambia kama ni miye, si Papa Delphin, miye sikusimamisha machine. Hakunitukana. Aliomba asikie. Nikamupa kaske, nikamuwekea kilio peke yake, na jogoo, na jina la Habineza – ile ya kwanza, haijakatwa. Alisikiliza macho wazi.

"Sikujua nililia hivi. Tangu siku ile machozi hayakuji tena."

Nikamwambia nitakifuta, sasa hivi, chote. Akanishika mukono. "Usifute. Ukifuta, mutoto wangu atabaki na nini?"

Halafu akauliza ni nani wengine tuliwalilia na sauti yake. Nikamutajia Papa Polycarpe. Akauliza kama huyo alikuwa na mama bado. Sijui. Nikamutajia Bisengimana, huyo anamujua. Kisha akaonyesha kioo ya ordinateri na kidole: "Na hii?"

Nikamwambia ni ya Walikale. Kilio kimeshawekwa. Haijatumwa.

Amekaa sasa ku kiti ya waimbaji. Amesema atangoja patro. Telefone imelia mara nyingi, ni famiya ya Walikale, sijajibu. Nasikia pikipiki ya Papa Delphin inapanda. Mama amesimama, ananyoosha kitenge chake.

Ananiuliza: "Akiingia, nani ataanza kusema, weye ao miye?"