Meli ya Novemba na Eda Yangu

Yeoville, Johannesburg
3 Novemba 2025

Dada yangu Biubwa,

Assalaam alaykum. Naomba karatasi hii ikukute umetulia, goti limepoa, na wajukuu wamekupisha upumue. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, naswali kwa wakati. Habari za moyo usiniulize. Moyo umekaa tu kimya, kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Nisalimie shemeji Jumbe. Rambirambi zake za simu nilizisikiliza zote, na najua kumpoteza kaka yake Twalib kumemlemea.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi. Nimempa Zubeda, anayeuza vitenge hapa Rockey Street, maana anakuja Tanga kumwona mama yake. Sauti nikikutumia kwa simu husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako.

Nianze na watoto. Naseeb amepata kazi New Zealand. Ataondoka mwisho wa mwezi huu na mkewe na binti yao, Shufaa. Anasema ni miaka miwili. Wewe na mimi tunajua maana ya miaka miwili. Nami niliitaja hiyo hiyo pale kituo cha basi, wakati unanifungia mkate wa safari, na mama alizikwa akiwa bado ananingoja.

Basi Yasmin akatoa wazo kwamba kabla kaka yake hajaondoka, sote tupande meli ya utalii kutoka Durban, twende hadi kisiwa kimoja cha Msumbiji na kurudi. Unamjua Yasmin, uuguzi umemwingia hadi kwenye mifupa, hafanyi jambo bila kulipima. Jioni nyingi alikaa na kompyuta mezani kwangu akisoma malalamiko ya abiria waliotangulia. Desemba aliifuta mara moja, kwa sababu ndipo vijana waliomaliza matriki, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, wanapozijaza meli. Alitusomea habari za bibi mmoja wa Pretoria. Vijana waliteleza kwenye ngazi juu ya magodoro, wakatupa viti ndani ya bwawa la kuogelea, wakaimba mlangoni kwake hadi alfajiri, na alipotoka kuwagombeza wakamkaribisha acheze. Naseeb alicheka akasema eish, wangekutana na Mama wangepangwa mstari na kukaguliwa kucha, mwalimu hastaafu. Yasmin akamwambia anacheka kwa kuwa enzi zake yeye ndiye aliyekuwa juu ya godoro. Wakaendelea kuchokozana hivyo, kwa Kiingereza chao chenye Kizulu ndani, huku wakinitazama kwa pembe ya jicho kuona kama nitatabasamu. Nikatabasamu. Uso bado unaijua kazi yake.

Mwishowe waliipata wiki ya tatu ya Novemba. Wa matriki watakuwa bado wamefungiwa kwenye vyumba vya mtihani, wa vyuo vikuu vilevile, na shule hazijafunga. Abiria, alisema Yasmin, ni wazee na watu wenye watoto wadogo. Akachagua vyumba vilivyo mbali na baa na disko, akahakikisha jikoni wana chakula cha halali, akanipangia nilale na Shufaa. Wakaja kunieleza wote wawili, wamesimama mbele yangu kama walivyokuwa wakisimama na ripoti za shule.

Dada, hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba niko eda. Si dharau. Tangu wazaliwe hawajamwona mjane akikaa. Bibi zao na shangazi zao wako huko kwenu, na mimi sikuwafundisha jambo nililodhani litawafika wakiwa wakubwa. Waliniona nimevaa nyeupe tangu Agosti, sitoki, sijipaki hata wanja, wakasema ni huzuni ya mtu mzima. Yasmin alidhani eda ni zile siku tatu za matanga, na kwamba tulishamaliza.

Aliyewazindua ni Mama Duni, kiongozi wa kina mama wa msikitini kwetu, ambaye hunijia kila Ijumaa na uji. Aliposikia habari ya meli aliweka chupa ya uji chini akawaambia mama yao havuki kizingiti kile hadi katikati ya Desemba, seuze kwenda kulala baharini na walevi. Yasmin akajitetea kwamba wiki ile haina walevi, ndiyo maana waliihangaikia. Mama Duni akamwambia, mwanangu, hata meli hiyo ingejaa masheikh watupu, mjane hatoki. Shufaa akauliza kwa Kiingereza bibi yake amefanya kosa gani hata afungiwe.

Safari inayofuata ni ya Desemba, ya wale vijana, na wakati huo Naseeb hayupo tena. Alinishika mkono akasema basi, Mama, kama ni dini hatuna ubishi. Akimaliza kufungasha vitu vyake kule Midrand atakuja alasiri moja kuniaga. Hivyo ndivyo nilivyobakiwa: siku nne baharini na wanangu wote wawili, au alasiri moja hapa sebuleni, na Mama Duni pembeni akiangalia kama nimekaa inavyotakiwa.

Sasa soma polepole. Mimi sina eda ya Twalib, Dada. Twalib hakufa akiwa mume wangu. Aliniacha mwaka 2006, talaka ya tatu, isiyo na rejea, mbele ya sheikh mmoja wa Mayfair, hapa hapa mjini, na mashahidi wawili. Wote hao wameshatangulia. Sababu sitaiandika, ilikuwa ndogo, na mwenyewe hayupo kujitetea.

Utaniuliza mbona tulikaa nyumba moja. Watoto walikuwa wanasoma, na kodi ya chumba kingine nje tusingeimudu. Lakini zaidi ni wewe. Sisi dada wawili tuliolewa na ndugu wawili, na Jumbe wa wakati ule usingeweza kumweleza kwamba kosa ni la kaka yake. Ndoa yangu ingeanguka na yako. Kwa hiyo Twalib alihamia chumba cha mbele, nami nikafunga mlango wangu kwa ufunguo. Nilimpikia, naye aliosha sahani yake. Tulisalimiana vizuri. Miaka yote hiyo nilivaa ushungi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, jikoni, kwenye joto, nikitoka kuoga, na watoto wakakua wakiamini mama yao ni mcha Mungu kuliko kina mama wote wa Yeoville.

Siku aliyokufa kina mama walinisukuma mbele nimbusu paji la uso. Sikuweza kumgusa, si halali yangu. Wakasema masikini, amekufa ganzi. Wakanivua bangili, wakanivisha nyeupe, nami nikakaa kwa sababu nilikalishwa. Sikulia. Mjane hulia, na mtalaka hulia siku yake. Mimi siku zote mbili zilinipita nikiwa nimesimama jikoni.

Jana usiku nilimpigia Naseeb nikamwambia asikiachie kitanda changu, nakwenda nao. Akauliza kuhusu Mama Duni. Nikasema Mama Duni ni juu yangu. Watoto nitawaeleza baharini, wakiwa wote wawili mbele yangu na hakuna mgeni wa kubisha hodi. Mama Duni sitamweleza. Atasema nimevunja eda ya mume mwema, na wengi watamwamini.

Mengine yatafika Tanga kabla hata meli haijarudi, kwa kuwa Shufaa hupiga picha kila kitu na kuzituma. Utaniona juu ya sitaha nimevaa rangi. Majirani watakapokujia barazani kukuuliza kulikoni mdogo wako, nimekupa ukweli wenyewe, na Jumbe atakuwa chumba cha pili akisikia. Ukiona nyumba yako sasa inaweza kuubeba, waambie. Ukiona haiwezi, sema Mwatumu amekosa adabu. Nimeyazoea mazito kuliko hilo, na sitakulaumu.

Wabusu wajukuu. Mwombee Naseeb safari ya heri, na umwombee Twalib pia, kama ninavyomwombea.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwatumu