Nilipopima Mto kwa Jina la Hamisi

Jumatano, 1 Desemba 1971

Futi nne, inchi mbili. Maji yanashuka. Nimeandika kwenye daftari la ofisi, Hamisi ametia sahihi akiwa kitandani.

Mwezi wa tano sasa tangu miguu ya mume wangu ivimbe. Kazi ya kupima mto ni yake, na nyumba hii ya mabati ni ya kazi. Kwa hiyo kila asubuhi nashuka mimi kuusoma ule mti wenye alama, na ofisi ya mjini haijui. Karani akija mwisho wa mwezi kuchukua daftari, humkuta Hamisi amekaa kitini na shati la kazi.

Baada ya kupima nimeoga. Hilo halimo daftarini. Hapa mto unapoingia ziwani maji yana joto juu na baridi chini, unaisikia magotini. Nimeogelea hadi kwenye mafunjo na kurudi. Mwanamke wa miaka arobaini na minne. Nimefurahi kama mjinga.

Jumapili, 5 Desemba

Shule zimefungwa, jua kali, mdomo wa mto umejaa watu. Familia zimekuja kutoka mtaa wa Kondele mjini na vikapu vya chakula. Watoto wanaruka majini kutoka kwenye gogo. Mama Atieno, jirani yangu mwuza samaki, amekaanga palepale mchangani. Amenipa samaki mmoja, ngege aliyeizidi sahani.

Nimegombana na dereva. Aliingiza lori mtoni kuliosha, mafuta yakaanza kuelea. Nikasimama mbele ya lori, kanga imelowa chepechepe.

"Mama, mto ni wako?"

Nikamwambia hapa samaki wanazaa, aende akaoshee bombani. Mama Atieno akaja kusimama nami, kisha wanawake wengine. Dereva ameondoka. Mwaka jana tuliwazuia hivyo hivyo wakata mafunjo. Najivunia, sifichi.

Alhamisi, 9 Desemba

Futi tatu, inchi kumi na moja. Maji meupe kidogo, kama ya kuoshea mchele. Yananuka dawa. Sikuoga.

Ijumaa, 10 Desemba

Samaki wamekufa. Asubuhi wadogo, pembeni. Kufika saa nne wakubwa, matumbo juu. Kambare, anayeishi hata topeni, amekufa. Vyura. Kaa. Ndege mmoja mweupe alikaa mchangani akashindwa kuruka. Nimekaa naye mpaka akafa.

Mama Atieno alikuwa anajaza karai. Nikamshika mkono, nikamwambia hii ni sumu.

"Mama Hadija, hawa wametoka maji saa hii. Angalia macho, bado safi."

"Waache. Nakuomba."

"Na watoto nitapea nini?"

Nikamletea unga. Amechukua unga, na samaki pia.

Jumamosi, 11 Desemba

Atieno anatapika na kutetemeka mwili mzima. Ana miaka tisa. Shemeji wa mama yake amempakia kwenye baiskeli, sisi wawili tukakimbia nyuma hadi hospitali. Daktari akauliza mtoto amekula nini. Mama Atieno akanitazama kwanza, ndipo akasema. Mtoto amelazwa.

Nimerudi nikachimba shimo, nikawafukia samaki wote niliowafikia. Mikono inanuka bado. Nimeisugua kwa majivu.

Jumatatu, 13 Desemba

Nimeufuata mto kwenda juu kwa miguu, mwendo wa saa tatu. Harufu inazidi kadiri unavyopanda. Kwenye shamba kubwa la ng'ombe, lenye ua wa seng'enge, wamesafisha josho. Ile dawa ya kuua kupe, tangi zima. Mfereji unatoka joshoni hadi mtoni, wazi, hawakujali hata kuuficha.

Msimamizi ni mtu wa adabu. Amenipa kiti na chai. Akaeleza kwamba dawa huchakaa ikabidi imwagwe, kila miezi miwili hivi. Zamani walimwaga shimoni. Shimo limejaa.

"Mto unapita, Mama. Unachukua."

Unachukua kupeleka wapi, sikumwuliza. Nilikunywa chai yake yote. Najichukia kwa ile chai.

Jumanne, 14 Desemba

Nimekwenda kwa chifu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema neno la mwanamke aliyekwenda kuoga halitoshi kulishitaki shamba kama lile. Lakini mpimaji wa serikali akiandika kwa mkono wake, hilo lina uzito. "Mwambie mzee aandike."

Nikamwambia mzee.

Hamisi alivuta shuka akaifunika miguu. Akiandika, watakuja. Wakija, wataiona miguu. Nilimkasirikia, nikaikasirikia miguu yake, nikajikasirikia kwa kumletea habari yenyewe. Nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Niliporudi alisema, "Lete daftari."

Kwenye safu ya maelezo, ambayo siku zote tunaiacha tupu, ameandika mwenyewe: Samaki wote wamekufa. Dawa ya josho kutoka shamba la juu. Tafadhali mje. Herufi zake zimepinda. Nimelipeleka daftari mjini mimi mwenyewe.

Ijumaa, 17 Desemba

Kimya. Napima kwenye karatasi, maana daftari liko kwao. Futi tatu, inchi tisa. Maji yamerudi kuwa maangavu. Mtu anaweza kuhesabu mawe ya chini.

Jumatatu, 20 Desemba

Wamekuja. Ofisa mmoja na dereva, gari la serikali. Ofisa alisalimu vizuri, akamwomba Hamisi ashuke naye amwonyeshe mti wa kipimo.

Hamisi alivaa viatu. Vilikataa kuingia, akavivaa kama kandambili. Akafika mlangoni. Akashika ukuta, hatua kumi na moja nilizihesabu, halafu akakaa chini, pale vumbini, mbele ya wageni. Ningemwinua lakini alinikataza kwa macho.

Ofisa akaitazama miguu yangu yenye tope.

"Nani amekuwa akisoma kipimo?"

"Mimi."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema vipimo vya miezi mitano vyote vitafutwa, kwa sababu havikusomwa na mpimaji. Nyumba irudishwe mwaka mpya. Nikasema sawa, na josho je?

"Idara yetu inashughulikia kina cha maji, Mama. Si yaliyomo."

Nikauliza ni idara gani inayoshughulikia yaliyomo. Akafikiri kweli, nilimwona akifikiri. Akasema ataulizia.

Nilimsihi angalau ashuke aone. Alishuka. Akachuchumaa, akateka maji kwa kiganja, akayatazama juani.

"Mbona maji haya ni safi?"

Safi kweli. Hamna kiumbe ndani wa kuyachafua. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa ameshageuka kurudi garini.

Ijumaa, 24 Desemba

Atieno ametoka hospitali. Anatembea, anacheka. Akishika kikombe mikono inatetemeka, chai inamwagika. Mama yake sasa humshikia kikombe na kutazama pembeni. Hatujazungumza kuhusu wale samaki. Nadhani hatutazungumza.

Jumapili, 26 Desemba

Wamekuja tena watu wa Kondele, wengi kuliko ile Jumapili nyingine, na nguo za sikukuu. Wameyasifu maji, yalivyo maangavu. Nimekwenda kundi hadi kundi nikiwaambia. Baba mmoja aliwatoa wanawe akanishukuru. Wengine walitazama maji, wakanitazama mimi. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Watoto wakaruka.

Hakuna aliyeugua. Namshukuru Mungu, na naogopa, kwa sababu sasa hawataniamini tena. Mwezi wa pili josho litamwagwa. Nilimwambia mama mmoja wasije mwezi wa pili. Alicheka, si kwa ubaya, akanipa kipande cha keki.

Nimekula. Nimechoka.

Jumamosi, 1 Januari 1972

Tumehama. Mkokoteni mmoja ulitosha. Hamisi alikaa juu ya godoro, uso ameuelekeza mbele muda wote. Sikushuka mtoni kuaga.

Alhamisi, 6 Januari

Kaloleni, kwa kaka yangu. Chumba kimoja. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Naamka alfajiri ile ile, halafu sina pa kwenda, najilaza tena.

Leo nimetembea hadi Dunga, ufukweni mwa ziwa, kununua samaki. Mvuvi alikuwa na ningu wawili. Nikamwuliza amewavua upande gani.

"Samaki habebi kipande cha kuonyesha kwao, Mama. Ziwa ni moja."

Nilisimama na kikapu. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, watu wakaanza kunisukuma polepole. Nikamnunua mmoja.

Nimempika kwa nyanya na bizari. Nimekula wa kwanza, nikangoja kama saa nzima hivi. Kisha nikampakulia Hamisi.