Maneno ya Mlangoni

Kwako Ustoz wangu Hamdam,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Risolat, na kwamba goti lako limepata nafuu sasa baridi inapoondoka. Je, miaprikoti imechanua, au jalidi ya mwisho imeiwahi? Sisi huku tu wazima. Mama yangu anawasalimu sana na ameoka mikate miwili, ambayo Sherali, mwenzangu wa kazini, atawaletea pamoja na barua hii kama hataila njiani.

Najua umeshangaa. Mwanafunzi wako, uliyemfundisha kwamba karatasi kazi yake ni kufungia sambusa, leo anakuandikia kwa kalamu. Vumilia, sababu utaifikia. Na mwandiko wangu usiucheke, maana tangu nitoke shule sijaandika zaidi ya sahihi.

Kwanza habari njema, nataka uisome kabla ya lolote. Sikukuu ya Navruz imepita na seva yako, mashine ya barua pepe za hospitali, haikuzimwa. Inafanya kazi vizuri kuliko siku zote nilizoijua.

Mambo yalianza wakati wa baridi, barua pepe zilipoanza kuchelewa. Majibu ya maabara, yaliyokuwa yakifika zahanati za milimani kabla chai haijapoa, yakawa yanafika kesho yake. Mkunga mmoja wa kule alinipigia simu akauliza kama majibu ya damu ya mgonjwa wake siku hizi yanapandishwa kwa punda. Nikamjibu kwamba yako njiani. Na kweli yalikuwa njiani, yamekwama kwenye foleni ndani ya mashine yetu wenyewe. Mkurugenzi mpya, Daktari Ikrom, ni muungwana lakini subira hakujaliwa. Alisema mashine imezeeka, Navruz ikipita itazimwa, na barua zetu zitahamia kwa kampuni moja ya mjini Toshkent. Mimi akaniuliza kama ningependa kupelekwa idara ya kuandikisha wagonjwa. Ustoz, nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. Mashine uliyoiunga kwa mikono yako, wakati wakubwa wa hospitali hii walikuwa bado wanauliza barua pepe ni kitu gani, leo itolewe nje kama jiko bovu?

Basi nikakaa nayo. Nikaona haikuwa imezeeka, ilikuwa imechoshwa na kazi ya bure. Unaikumbuka kanuni yako, kwamba mgeni harudishwi mlangoni. Uliipanga ipokee kila barua, kisha kichujio kiifungue, kiisome, kitafute virusi, ndipo kiamue kama ni taka. Enzi zako wageni walikuwa wachache na wengi wao waungwana. Siku hizi wanaobisha hodi ni wauza dawa za upara na matapeli wenye urithi wa kugawa, na kila mmoja tulikuwa tunamkaribisha ndani, tunampekua mifuko, ndipo tunamtupa nje. Upekuzi huo ndio uliokuwa ukila nguvu zote za mashine, na majibu ya damu yanangoja nyuma yao.

Nikaangalia hizo taka wanaandikiwa kina nani. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Nyingi zilikuwa za watu ambao hawapo: waliostaafu, walioolewa mbali, waliofariki. Hospitali yetu nzima hakuna aliyewahi kufunga anwani ya mtu. Nani angethubutu? Ya marehemu tuliiacha kama inavyoachwa kofia yake msumarini. Na anwani ikikaa wazi miaka mingi hivyo, matapeli huuziana mpaka wote wanaijua.

Dawa yake haikuwa ngumu. Seva iulize mlangoni, kabla ya kuipokea barua, kama anayeandikiwa yupo. Kama hayupo, barua ikataliwe hapo hapo bila kufunguliwa, na kichujio kisisumbuliwe. Wagumu walikuwa watu. Nilipowaomba wakuu wa idara ruhusa ya kufunga majina, walinitazama kama niliyeomba kuvunja makaburi. Daktari Lobar, ambaye marehemu baba yake ndiye aliyeanzisha wodi ya watoto, alisimama mbele ya wote.

"Wewe binti, baba yangu tulishamzika mara moja," aliniambia. "Hiyo mara ya pili utamzika na nani?"

Sherali, badala ya kunitetea, aliniinamia akaninong'oneza kwamba amesikia idara ya kuandikisha wagonjwa wana hita nzuri.

Nilirudi kwenye kiti changu na hasira zangu, na zilipotulia nikaelewa. Kilichowauma hakikuwa kukataliwa kwa barua. Kwetu hata muuza mifagio haondoki langoni bila mkono kuwekwa kifuani na kuambiwa neno jema. Seva inapokataa barua humrudishia mwandishi maneno, na maneno yetu yalikuwa makavu: huyu hajulikani. Hajulikani! Mtu aliyeanzisha wodi! Nami maneno hayo naweza kuyabadilisha, jina kwa jina. Tapeli hatayasoma, lakini rafiki wa zamani atayasoma.

Nikaenda tena mkutanoni nikiwa na jina moja nililokwisha kulifunga, na maneno yake nikawasomea kutoka kwenye karatasi. Jina gani, nitakuambia nikimaliza habari njema, maana mimi mwoga. Daktari Lobar aliiomba ile karatasi, akaisoma mwenyewe. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama maneno ya baba yake yanaweza kuitaja wodi ya watoto. Baada ya hapo nilikuwa nafuatwa mpaka kantini, kila mtu ana marehemu wake na maneno yake. Mmoja alitaka beti nzima za shairi. Sherali ananiita katibu wa peponi.

Kabla ya Navruz tulikuwa tumemaliza, na foleni ikaisha. Mkunga wa milimani alipiga simu kuuliza kama punda amekufa tukanunua farasi. Daktari Ikrom alikuja mwenyewe chumbani, akasimama akisikiliza feni zilivyotulia, akataka kujua ni nani aliyeitengeneza.

"Mashine ni ya Ustoz Hamdam," nilimwambia. "Mlango ndio wangu."

Akasema ibaki. Naona fahari, Ustoz, na sitajifanya mnyenyekevu.

Sasa sababu ya karatasi. Jina la kwanza nililolifunga ni lako.

Ningewezaje kuanza na majina ya wapendwa wa wengine, na la mpendwa wangu niliache? Tena anwani yako ndiyo ya kwanza kabisa kufunguliwa, na hakuna iliyoandamwa na taka kama hiyo. Lakini Mama Risolat aliwahi kuniambia kwamba kila asubuhi unavaa miwani, unaifungua kwenye simu na kusoma hata takataka, kwa kuwa jina lako limekaa pamoja na jina la hospitali. Nilijua hivyo, na nikaifunga. Mwanafunzi hagusi kazi ya ustoz wake bila kuombewa fotiha, ile dua ya baraka, nami sikuja kuiomba. Niliogopa utakataa. Ungekataa ningekutii, na mashine yako ingezimwa.

Anayekuandikia pale sasa anajibiwa hivi: "Ustoz Hamdam amepumzika nyumbani, kwenye miaprikoti yake. Seva inayokujibu aliijenga yeye. Ahsante kwa kubisha hodi."

Kama simu yako imekuwa kimya tangu mwezi uliopita, ni mkono wangu huo. Jina lako sasa linasemwa na mashine yenyewe, na nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Sherali atakaa uani mpaka umalize kusoma. Sikumtuma akuulize chochote. Nimemwambia atazame mikono yako tu. Ukiinyanyua na kuipitisha usoni kwa fotiha, anipigie simu hapo hapo. Usipoinyanyua, anywe chai, ashukuru, arudi, nami nitajua.

Mbusu Mama Risolat mikono kwa niaba yangu, na wajukuu wote uwape salamu. Mungu akulinde goti na miti.

Ni mimi mwanafunzi wako, niliyekaa na simu mkononi,

Saodat