Miche Mifupi Uliyoing'oa

Muheza, Tanga

Kwako Mama,

Mwidiwe! Mgongo unaendeleaje, na Baba amepona kile kikohozi? Mimi huku mwili ni mzima, ila moyo, Mama, umekufa ganzi.

Juzi kwenye simu uliponiambia umepalilia miche yangu hapo uani na kuing'oa ile mifupi yenye majani manene, eti isiinyang'anye mbolea ile mizuri, nilisema asante, nikakata simu, nikalia kama niliyefiwa. Ndiyo maana naandika. Kwa mdomo siwezi.

Ile mibaya ndiyo ilikuwa yenyewe, Mama. Niliotesha mbegu za ule mchungwa wa Baba uliokauka, kisha kila ncha ya mche nikaiwekea pamba yenye dawa iitwayo kolchisini. Ni sumu, tunaishika kwa glovu. Inaongeza maradufu vinasaba, yaani vile ambavyo mmea unarithi kwa mzazi wake. Mingi ilikufa. Mingine dawa haikuigusa, ikarefuka kama michungwa yote. Michache tu ilikubali, na mche ukikubali ndivyo unavyokuwa: mnene, mfupi, mzito kukua. Hiyo ningeizalisha na michungwa ya kawaida, nipate machungwa matamu yaleyale ya Baba lakini bila mbegu, wachuuzi wa Kasulu waache kutukejeli.

Mradi wetu wa utafiti hapa Muheza ulipofungwa nikaona salama yake ni huko nyumbani Nyakitonto tu. Nikaipakata kwenye basi safari nzima. Nikakwambia, "Mama, nitunzie," basi, sikueleza zaidi. Nawe ukaitunza kama ulivyotufundisha shambani kwenye maharage, kwamba kinachodumaa kinang'olewa. Nimemuuliza kaka Filbati kama kuna mizizi iliyobaki, anasema ulishaichoma pamoja na magugu. Jamani, Mama!

Sikulaumu. Ila nimechoka. Hiyo mirefu nayo ni ya mti uleule, lakini dawa nitaitoa wapi? Maabara ina kufuli, na madukani haiuzwi. Kazi nyingine sijapata, na hata hamu ya kuitafuta sina.

Baadhi ya miche iliyobaki wagawie shangazi Yudita na yule mwalimu jirani yetu. Itazaa, mtakula, mbegu mtatema. Nisalimie Baba, nisalimie na wifi yangu, mke wa Filbati. Baba akiuliza machungwa yake yamefikia wapi, mwambie bado.

Safari hii sitakuja nyumbani, Mama. Nitashindwa kusimama hapo uani nikusifie miche ilivyopendeza.

Mwanao anayekupenda,
Enesia