Andika Neno la Siri

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo, na goti limetulia. Mimi mzima, kazi inaendelea.

Kompyuta imo njiani. Tangu mitambo ya kufuma ilipoyamaliza masikio yako, simu kwetu imekuwa pambo, na miaka mitano sijazungumza nawe ila kwa karatasi. Kwenye kioo chake utaniona uso, nawe unasoma midomo kuliko wengine wanavyosoma magazeti. Hilo tu ndilo ninalolitaka, tuzungumze.

Ndani nimeweka mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Linux, ule ninaoutengeneza na wenzangu. Dirisha la kuunganisha mtandao nimeliandika mimi mwenyewe. Fundi atakuja kufunga kisanduku cha mtandao ukutani, na yaliyobaki dirisha litakuongoza.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma likitaka, nimeshalizoea. Nafurahi kusikia u mzima.

Kompyuta imefika, haina hata mkwaruzo. Fundi amefunga kisanduku chake. Nikaiwasha, dirisha lako likaniuliza kama nataka kusanidi kiolesura kwa mkono au kiotomatiki. Nikaona mkono ninao, nikachagua mkono. Likaniletea nafasi nne za kujaza namba. Nikajaza namba ya nyumba, mwaka wangu wa kuzaliwa, na mbili za kubahatisha. Halikuunganisha kitu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hili lako limenipa jembe mlangoni, hata viatu sijavua. Nimefuma kiwandani miaka thelathini, si mjinga, na sipendi dirisha linalonifanya nijione mjinga.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole kwa usumbufu, na goti nalo pole. Kwa habari ya mkono nilicheka mpaka wenzangu wakageuka, kisha nikaona aibu. Mkuu wetu anasema mgeni wa mfumo atazoea tu. Nikamwambia mgeni mwenyewe ni mama yangu, na hapendi kuzungushwa.

Nimeyafuta yote. Sasa dirisha linatafuta lenyewe, linakuonyesha jina la mtandao wako, kisha linakuambia: Andika neno la siri. Basi, hakuna zaidi. Fundi atakuwekea toleo jipya kwa flashi, nawe ukishaunganishwa bonyeza kile kitufe cha kijani nilichokuchorea nyuma ya karatasi hii. Kila Jumapili saa kumi jioni nitakuwa nimekaa nakusubiri.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo kwa mwili.

Fundi alikuja. Alisema jambo kuhusu kisanduku, lakini alikuwa ameelekea ukutani, na mgongo wa mtu sijajifunza kuusoma. Akaenda zake.

Dirisha likaniambia: Andika neno la siri. Nikakaa kitako. Nikajiuliza, siri yangu mashine inaitakia nini? Halafu nikakumbuka wewe ndiye uliyeliandika. Nikaona mwanangu ananiuliza kwa mashine alichoshindwa kuniuliza tena kwa mdomo. Siku ile unaondoka ulitaka kujua nasemaje, nikakujibu, sina neno, nenda. Nilikuwa nalo. Basi nikaliandika, herufi moja moja: usiende.

Mashine ikajibu: Neno la siri si sahihi. Nikarudia mara tatu. Hilo ndilo neno la kweli kuliko yote niliyowahi kukuambia, na mashine yako imeniita mwongo. Nimeifunika kitambaa.

Mama yako

6 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Barua yako nimekaa nayo wiki sita, majibu naanza na kuyachana. Miaka yote hii nilidhani ulifurahi niondoke. Nilikuwa na kinyongo, nikakiita kazi nyingi, nisije hata likizo. Sijutii kuondoka, nisikudanganye. Ninachojutia ni kuondoka bila kukusikia.

Mashine haikukuita mwongo. Kila kisanduku cha mtandao kina ufunguo wake, umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake. Sisi mafundi tunauita neno la siri, tukadhani dunia nzima inajua. Niliwaambia wenzangu kwamba mtu mmoja aliulizwa siri, akatoa siri yake ya kweli. Mkuu wetu mwenyewe akasema tubadilishe. Sasa mgeni yeyote ataona picha ya kisanduku kilichopinduliwa, na maneno haya: Geuza kisanduku. Andika herufi na namba zilizobandikwa chini yake.

Flashi imo ndani ya bahasha. Funua kitambaa, ichomeke, mengine itafanya yenyewe. Jumapili saa kumi nipo.

Mwanao

24 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena, maana Jumapili nilisahau kuitikia.

Nilipanda kitini na goti langu, nikakipindua kisanduku, nikanakili herufi kwa miwani, moja baada ya nyingine. Dirisha likasema: Umeunganishwa. Nikangoja linipe la kujaza, halikunipa. Nikabonyeza cha kijani, ukatokea wewe.

Nilikuandalia mengi, yote yakaniruka. Nawe uliongea mbio, midomo inatetemeka, sikuambulia hata nusu. Nililia na uliniona, kwa hiyo sina la kuficha. Umekonda. Na mvi zimeanza kipajini, palepale zilipoanzia zangu.

Maneno tuendelee kuyaandika, karatasi haina haraka. Jumapili ijayo usijisumbue kuongea. Pakua chakula chako, ukae mbele ya kioo ule, nami nitakuangalia.

Mama yako