Nilivyofunga Vyangu Ndani ya Eda

Chake Chake, Pemba
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mzazi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo Mama. Lile goti bado linakusumbua, au ile dawa ya kuchua imefaa? Na presha unaipima, au unasubiri mpaka kichwa kigonge? Mimi ni mzima, nakula, nashona, na sauti ninayo, ingawa jana kwenye simu hukuniachia nafasi ya kuitumia. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye barua hakuna wa kunikatiza. Zuhura mdogo wangu atakusomea. Zuhura, soma kama ilivyo, usiruke mstari, na Kaka Athumani akiwapo mtoe kwanza, humu mna mambo ya wanawake.

Jana umeniambia nichague. Nirudiane na Hamadi, au Kaka apande boti aje anichukue mimi na vyombo vyangu nirudi Pangani. Jibu langu ni hapana, na hapana. Sasa nisikilize, maana mpaka leo umesikia ya Hamadi tu.

Mama, mimi nimeachwa kwa sababu ya kochi. Usicheke. Sebule yetu ilikuwa na dirisha moja, na kochi limeliziba kwa miaka saba. Siku ile joto halisemeki, nikalisukuma mpaka ukuta wa pili, upepo ukaingia, nikakaa nikamshukuru Mungu. Hamadi akarudi, akasimama mlangoni. "Nani kakwambia uguse vitu vya nyumba yangu?" Nikamwambia nataka upepo. Akasema, "Ukitaka upepo, wa Pangani upo." Hilo neno la "nyumba yangu" nimelila miaka saba. Chumvi ikizidi, nyumba yake. Mgeni akikawia kuondoka, nyumba yake. Mtoto hatukujaaliwa, basi hapo ndiyo nyumba ikazidi kuwa yake. Siku hiyo nilichoka nikamjibu, "Kumbe miaka yote nimekuwa mpangaji? Mbona hukuniambia nikatafuta pengine?" Akanipa talaka moja pale pale, sauti juu, majirani wote wamesikia.

Kesho yake akaenda zake Unguja kwenye kazi ya ujenzi, akaniacha nikae eda mle ndani kama sheria inavyotaka. Kabla hajatoka alichukua kalamu nyekundu, akaiendea kalenda ya ukutani, akahesabu miezi mitatu, siku ya mwisho akaizungushia duara. "Kabla ya hapa n'takurejea," akasema, "utakuwa ushapata adabu." Yaani mimi nikae nilie miezi mitatu, halafu yeye aje aniokote kama kitu kilichoanguka.

Kulia nililia siku mbili, sikufichi. Siku ya tatu nikachukua chaki yangu ya ushonaji nikaanza kuzunguka nyumba. Kila kilicho changu nikakitia alama kwa chini: kitanda na kabati, kwa sababu vilinunuliwa kwa mahari yangu, masufuria uliyonipa wewe, cherehani, sanduku la Bibi. Chake sikukigusa, hata kijiko. Nilipomaliza nikakaa chini nikashangaa. Ndani ya nyumba yake, karibu nusu ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa nikitembea humo kwa ncha za vidole.

Basi nikajiwekea utaratibu wa pembe moja kwa siku. Siku ya pembe ya jikoni sigusi chumbani, hata nikiona nini. Eda hainiruhusu kuzurura, kwa hiyo vitu vilinifuata. Bi Time, mjane mmoja mteja wangu, kila akija kufuata nguo zake aliniletea maboksi matupu ya sabuni na biskuti kutoka duka la Mhindi pale sokoni, na magunia ya karafuu yaliyokwisha kazi. Magunia yale yananukia mpaka leo, nguo zangu nikizivaa watu wanadhani nimetoka shamba. Vitambaa vya mabaki nilivyokuwa nikivitupa nikavifanyia kazi mbili: kufungia glasi, na kutia alama. Boksi la jikoni likafungwa kitambaa cha kijani, la chumbani cha samawati, la kazi ya kushona chekundu. Hapakuwa na haja ya kuandika wala kufungua kuangalia.

Nilikosea mwanzoni, nikajaza sahani zote kwenye boksi kubwa kwa kuona linaenea. Nilipolinyanyua chini kukafumuka, na zile sahani zako za maua mbili zikavunjika. Nisamehe. Zuhura, ukiolewa ukahama, vizito tia boksi dogo, nguo ndiyo zikae boksi kubwa. Vya mwisho nikaviacha nje: sufuria moja, sahani moja, kikombe, msala na msahafu.

Majirani walikuwa wakipita dirishani. Mwanamke aliyeachwa huonekana analia, mimi wananiona nafunga kamba naimba. Wakampigia Hamadi simu. Alicheka, nimeambiwa. "Anatishia tu huyo," akasema. "Eda haijesha, atakwenda wapi?"

Hapo ndipo alipopotea. Mama, wewe mwenyewe ulinifundisha nilipovunja ungo, ukakaa na mimi chumbani, ukanieleza kwa vidole: mwanamke anayepata siku zake akiachwa hahesabu kalenda, anahesabu twahara tatu, na ile aliyoachwa nayo ndiyo ya kwanza. Hamadi amesoma chuo cha Kurani mpaka kahitimu, lakini hilo alilisikia kwa sikio moja. Nilipoingia siku zangu za tatu tangu anipe talaka, eda ilikwisha. Ilikuwa Alhamisi. Duara lake jekundu lilikuwa bado mbali. Hakupiga simu kuniuliza hata siku moja, na mimi sikuwa na wajibu wa kumpigia tarumbeta.

Jumamosi nikahama. Bi Time, ambaye ndiye amenipangisha vyumba viwili na baraza upande wa uani kwake, alinishauri nihame alfajiri watu wasione. Nikamwambia, Bi Time, mimi sijaiba. Nikaita gari la ng'ombe, nikahama saa nne ya asubuhi, jua limewaka, kitanda cha mahari yangu juu kabisa. Wenye kutazama walitazama, wakashiba.

Tukiwa tunapakia, akaja mama mkwe, Bi Mize. Akasimama kati ya mlango. "Hichi kitanda chenda wapi?" Nikamwambia, "Kinanifuata mimi, Bi Mize. Ni mahari yangu, na wewe ulikuwepo siku ilipotajwa." Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, wallahi, kanga nimeifunga kiunoni. Akakitazama kitanda, akayatazama maboksi yangu na vitambaa vyake. Akasema taratibu, "Mie nilipoachwa na babake Hamadi nilitoka na mkeka na nguo ya mwilini. Hata sufuria, hakuna aliyeniambia kama ni yangu." Kisha akashika pembe ya godoro, tukalitoa pamoja. Mama, pale ndipo nilipolia tena, na sikumficha.

Kochi nimemwachia, ni lake. Kabla ya kufunga mlango nililirudisha pale pale dirishani alipolitaka.

Sasa unaniuliza nakaa vipi. Nakaa vizuri. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi, nikanunua chokaa nikaichanganya na bluu ya kufulia. Mara ya kwanza nilizidisha, chumba kikawa kama sare ya shule. Nikaongeza chokaa, sasa ni rangi ya asubuhi na inapendeza. Mapazia nimeyaunga kwa mabaki ya nguo za wateja, na wanawake wakija wanayatafuta magauni yao ukutani: "Hii si ile yangu ya Idi?" Sebuleni sina kiti. Nina mkeka wa ukindu na mito niliyojaza sufi. Rafu nimegongomea mwenyewe kwa mbao alizozitupa seremala, na misumari ya zamani niliyoinyoosha kwa jiwe. Imeinama kidogo upande mmoja. Mkasi, futi na nyuzi zina mfuko wake ukutani, nanyoosha mkono bila kutazama. Siku tulipoingia, msahafu ulitangulia, Bi Time akafukiza udi, wanawake wanne wakasoma Yasini, nikawapa chai ya mkandaa, bila maziwa, na mkate wa kumimina. Shughuli ikaisha hapo.

Siku chache kabla ya duara lake Hamadi akarudi kutoka Unguja. Akaenda moja kwa moja kwa Shehe Faki, yule aliyetuozesha, kusema kwamba amenirejea. Shehe akatuita barazani kwake. Akaniuliza, "Bi Mwanahawa, eda yako i wapi?" Nikasema imekwisha, nikataja Alhamisi. Hamadi akaruka. "Haijesha! Mie n'na kalenda!" Mama, aliichomoa kweli kwapani, kaja nayo, akaikunjua mbele ya wazee, duara jekundu hilo linaonekana. Shehe akaitazama, akamtazama. "Hamadi," akasema, "uliyemwacha ni mwanamke, si kalenda. Neno lake ndilo linalokubaliwa hapa. Ukimtaka, kampose upya, na mahari mapya, na ridhaa yake." Nikaulizwa ridhaa. Nikasema sina.

Ndipo akakupigia wewe. Najua alivyolia, na najua ulivyomwonea huruma. Ana sauti nzuri kwenye simu.

Unasema watu watasemaje. Wamekwisha kusema, Mama, na wengine ndio hao hao wanaoniletea vitambaa niwashonee. Unasema nirudi nyumbani. Nyumbani kwa nani? Kwa Kaka Athumani, nilale na watoto wake, nikisogeza sufuria wifi aniulize nani kanituma? Wifi ni mtu mwema, lakini nyumba ni yake. Mimi nina miaka thelathini na nne, sijawahi kulala hata siku moja mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia hapa si pako. Sasa napata. Kodi nailipa kwa mshono, na ninailipa. Kuna magharibi napika wali mwingi kwa mazoea, nikaitazama sufuria, roho ikaniuma. Nakukumbuka mpaka nasikia harufu ya kanga yako. Lakini hata siku hizo sitamani kurudi nyuma.

Kaka akitaka kuja, aje, ila aje na nyundo yake, ile rafu anisaidie kuinyoosha. Asije na kamba za kufungia mizigo. Wewe ndiye ninayekutaka zaidi. Goti likipoa njoo ukae mwezi mzima, nikupikie pweza. Ukiona kitu hakijakaa sawa, kisogeze, usiniombe ruhusa. Radhi zako nazihitaji, Mama. Nakuomba unipe hizo, na uchaguzi uniachie.

Nisalimie Kaka Athumani na wifi yangu mkewe, waambie sina kinyongo. Nisalimie Bibi mzaa baba, mwambie sanduku lake limefika salama na kufuli yake inafanya kazi. Nisalimie Mzee Bakari fundi aliyenifundisha cherehani. Mwambie mguu wangu haujasahau. Na Zuhura msomaji, umalize shule.

Lililobaki ni hili, ndipo nifunge. Leo asubuhi nilikuwa napiga pasi, nikasikia mtu anakohoa uani. Halafu sauti ninayoijua ikasema, "Hodi." Mama, miaka saba Hamadi alisukuma mlango akaingia, nimelala, navaa, nasali, hakuna alichojali. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nikachungulia kwenye pazia. Amesimama chini ya baraza, viatu keshavua, mfuko wa halua mkononi, hathubutu kupandisha mguu. "Hodi," akasema tena, kwa upole. Nikaiweka pasi pembeni, nikakaa juu ya mkeka wangu. Akabisha ya tatu, na unajua mwenyewe, ya tatu isipoitikiwa mtu huondoka.

Sikuitika. Nikamsikia anavaa viatu.

Mwanao akupendaye,
Mwanahawa